Moyo Wangu Mkononi mwa Anselmo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Saa imefika leo kwa bodaboda, ndani ya bahasha ya kaki. Aliyeinunua hakufika. Kutoka Mbezi Beach anakoishi binti yangu Jenipher mpaka hapa kwangu Goba ni dakika ishirini na tano kwa gari, foleni ikiwa na huruma. Bahasha imeweza. Jenipher hajaweza.

Nataka kuwa mwadilifu katika shajara hii. Jenipher ni mtoto wangu wa pekee. Ana kazi katika kampuni ya bima, ana watoto wawili, ana mume anayesafiri. Hana nafasi. Hiyo ndiyo dhana ninayoikubali kwa sasa.

Alinipigia kunielekeza. Saa inapima mapigo ya moyo, hatua na usingizi, na inatambua mtu akianguka. Ina laini yake yenyewe kama simu. Kila inachopima kinaingia kwenye simu yangu, kisha kwenye simu yake. Ndani ya simu anakaa msaidizi wa akili mnemba aitwaye Tulizo, ambaye kila asubuhi atanipa mchezo wa kumbukumbu kwa ajili ya ubongo, na kila jioni ataniwekea alama: kijani nikiwa salama, njano pakiwa na mashaka, nyekundu pakiwa na hatari. Jenipher akasema, kwa sauti ile ya kumbembeleza mteja, kwamba sasa hatakuwa na haja ya kunisumbua kwa simu kila mara. Akiona kijani atajua Mama yupo.

Hiyo "kila mara" ilikuwa Jumapili moja katika tatu. Nilimshukuru.

Sicheki sana, hata hivyo. Saa hii ni kwa sababu ya baba yake. Cyprian, marehemu mume wangu, alipigwa na kiharusi miaka minne iliyopita, barazani, kikombe kikiwa mkononi. Tulidhani amesinzia. Kwa hiyo nimeivaa.

Jioni: kijani. Simu haikulia.

Jumanne, 5 Agosti

Tulizo amenisalimia kabla sijavaa miwani. Habari za asubuhi, Mama Avelina, leo ni siku nzuri kwa moyo wako. Nikamjibu kwa sauti. Nadhani ilikuwa adabu tu. Sina uhakika.

Baadaye akauliza nimezungumza na watu wangapi leo, kwa kuwa, anasema, mazungumzo huulinda ubongo. Nilifikiri kwa uaminifu. Muuza mchicha. Bi Somoe, jirani yangu, juu ya ukuta. Mtangazaji wa redio, ambaye nilimpinga. Watatu. Kisha nikajiuliza kama Tulizo mwenyewe ahesabiwe. Suala gumu la kimbinu. Nikaandika wanne.

Na sasa, ugunduzi! Saa kumi na moja betri ya saa ilikwisha. Alama ikawa njano. Ndani ya dakika sita Jenipher alikuwa hewani. Dakika sita! Tulizungumza dakika kumi na moja nzima. Akanieleza hata jinsi mjukuu wangu alivyong'oka jino na kulificha asinyang'anywe. Nikachaji saa. Kijani. Kimya.

Nimewafundisha takwimu walimu watarajiwa kwa miaka thelathini na moja. Najua kwamba tukio moja si ushahidi. Lakini uhusiano ninautambua ninapouona. Kijani huleta kimya. Njano huleta sauti ya Jenipher. Nyekundu, basi, italeta Jenipher mwenyewe, na gari lake na viatu vyake, mpaka sebuleni.

Jumatano, 6 Agosti

Nilirudia jaribio la betri. Ulikuja ujumbe wa maneno matano: "Mama chaji saa. Nipo kikaoni." Njia hiyo imekufa.

Mpango wa pili: kutokusogea. Mzee asiyesogea ni dalili mbaya, kila mtu anajua. Nilikaa kwenye kochi la barazani tangu saa mbili asubuhi. Hatua mia mbili na kumi na mbili kwa siku nzima, zote za msalani. Mgongo ukakakamaa. Nikasoma maelezo ya nyuma ya kopo la maziwa mara tatu. Jioni Tulizo akatangaza kwamba nimejipa mapumziko mazuri na mwili unanishukuru. Kijani! Angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudishia karatasi.

Aliyeshtuka ni Bi Somoe peke yake. Kichwa chake kikachomoza juu ya ukuta saa kumi. Akauliza kama nimekufa. "Maana uwanja haujafagiliwa, Mama Jeni, na wewe majani mawili tu yakidondoka unaona dunia imechafuka." Nikamwambia nipo kwenye uchunguzi. Akasema uchunguzi gani huo wa kukaa kama furushi.

Bi Somoe ni Mzaramo, alizaliwa hapa Goba kilima kikiwa bado mikorosho. Ana watoto saba. Uwani kwake hapakauki watu. Akasema: "Wewe una saa ya kukuamsha, mie nina wajukuu. Tofauti, saa yako unaweza kuizima." Nilicheka. Nilipoingia ndani nikaona kwamba sikuwa nimecheka kwa furaha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Ofisi zote zimefungwa. Niliwaza kwamba sikukuu ingefanya kazi yenyewe bila njama yoyote. Saa nne Jenipher akaweka picha akiwa ufukweni na wenzake wa kazini, wote wamevaa fulana za kampuni. Ufukwe uko kwake, siwezi kuulaumu ufukwe.

Mpango wa tatu: kahawa. Nilikunywa vikombe sita vya kahawa chungu kwa muuza kahawa wa kituoni, nimesimama, katikati ya wanaume waliokuwa wakibishana juu ya mpira na wakanyamaza kuniangalia. Kisha nikapanda kilima chetu kwa haraka. Mara mbili. Wakwe wa Bi Somoe wakatoka getini kuuliza nani ananifukuza. Moyo: mia na arobaini na tatu!

Tulizo akarusha fataki kwenye kioo. Hongera, umevunja rekodi yako, endelea hivyo hivyo. Kijani. Jenipher akatuma kidole gumba. Kimoja. Bila neno.

Jioni mikono ilitetemeka, na kisogo kiliuma kama wiki iliyopita na ile kabla yake. Nimehitimisha kwamba ni kahawa. Hitimisho hilo halielezi wiki iliyopita. Nitalirejea.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeuacha moyo, nimegeukia ubongo. Nikishindwa mchezo wa kumbukumbu, Jenipher ataogopa kwamba ninaanza kusahau, na mtu anayesahau haachwi peke yake. Mpango safi.

Sikuweza! Jibu sahihi nililiona, kidole kikaenda kwa jibu sahihi. Nikakirudisha, kikaenda tena. Mtihani ni mtihani. Asilimia themanini na nane.

Nikamwita Bi Somoe acheze kwa niaba yangu. Naandika sababu kwa aibu: aliishia darasa la nne. Akaja na miwani aliyoazima kwa mkwe wake. Mchezo unaonyesha vitu ishirini, kisha unauliza kipi kilikuwa wapi. Bi Somoe akatazama, akasema kumbe ndiyo hii, akaanza kubonyeza kama anapukuchua mahindi.

Asilimia tisini na saba.

Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba kila penye shughuli mtaani, harusi au msiba, ndiye anayerudisha vyombo. Masufuria arobaini, mabeseni, mabusati, na hakuna hata kijiko kilichowahi kwenda nyumba isiyo yake. "Hivi vya kwako vimetulia, Mama Jeni. Sufuria la mtu haliwezi kutulia." Tulizo akatangaza kwamba ubongo wangu umerudi ujana kwa miaka kumi na minne. Bi Somoe alicheka mpaka akashika ukuta. "Shule yote ile! Na Chuo Kikuu juu!"

Mchana mzima nimecheza ili nifike tisini na saba. Nimefika tisini na moja. Magharibi ndipo nilipokumbuka kwamba lengo lilikuwa kushindwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Kumbe jibu lilikuwa njia panda siku zote. Anselmo!

Anselmo ni mchonga vinyago kutoka Newala, tuko naye jumuiya moja ndogo ya kanisani. Anafanyia kazi kwenye kibanda chake pale njia panda, nusu kilomita kutoka getini kwangu. Nilisimama kumtazama leo. Amekaa juu ya gogo, kipande cha mpingo katikati ya miguu, tezo lake la kuchongea linapanda na kushuka. Jasho linamtoka, lakini kiti chake hakisogei hata shubiri. Moyo wenye kasi na hatua sifuri! Hakuna daktari duniani, wa nyama au wa mnemba, atakayeipa hali hiyo kijani.

Nikamwambia nafanya utafiti, naomba avae saa yangu kesho. Akaniamkia upya, kwa heshima ya utafiti. Akauliza ni wa serikali au wangu. Wangu, nikasema. Akasema basi sawa, maana ule wa serikali wanaandikaga jina lako halafu hawarudi. Akauliza mkono upi. Nikamwambia wa tezo.

Sikuona upungufu wowote katika mpango huu. Nimeupitia mara mbili.

Jumanne, 12 Agosti

Naandika kwa mfuatano, ili nisijipendelee.

Saa kumi na mbili asubuhi nilianza kupika. Wali wa nazi, kuku wa kienyeji, mchicha. Nikabadilisha vitambaa vya makochi. Nikavaa kitenge alichoniletea Jenipher Krismasi. Saa mbili Anselmo alikuwa na moyo wangu mkononi.

Saa nne na nusu simu ikatoa mlio nisioujua. Tulizo: Umeanguka? Bonyeza hapa kama uko salama. Nilikuwa nimesimama nikimenya karoti. Nikatazama miguu yangu. Mlio tena. Umeanguka? Na tena. Kumbe Anselmo hupiga tezo kwa nguvu, kisha hunyamaza akikitazama kinyago. Pigo kali, halafu utulivu. Kwa saa ile, huyo ni mwanamke mzee aliyeanguka na hainuki. Kufikia saa tano nilikuwa nimeanguka mara kumi na tisa.

Nyekundu! Kwa mara ya kwanza. Nilipiga makofi, peke yangu, jikoni.

Sasa sehemu ngumu. Ile alama ya kubonyeza ilikuwa mbele yangu, kubwa kama sahani. Sikubonyeza. Jenipher akapiga simu. Sikupokea. Hesabu yangu ilikuwa hii: nikipokea atatulia, akitulia atabaki ofisini. Akapiga mara kumi na nne. Niliketi nikiiangalia simu inavyotembea mezani kwa mtetemo. Kisha ikanyamaza. Nikafikiri: vizuri, yuko njiani.

Alikuwa njiani. Lakini saa hutuma ramani ya mahali ilipo yenyewe, si mahali nilipo mimi. Nikiwa mwalimu wa takwimu ningepaswa kuuliza data inatoka wapi.

Saa sita geti likafunguliwa. Nikanyoosha kitenge. Haikuwa Jenipher. Ilikuwa jumuiya nzima. Jenipher, akiendesha, alikuwa ameomba kwenye kundi letu la simu kwamba aliye karibu akimbie, Mama ameanguka. Mbele Mzee Audax, mwenyekiti wetu, anahema. Nyuma yake akina mama na thermosi za chai, bakuli la uji, rozari. Bi Mauwa, nesi mstaafu, na kipimo chake cha presha. Bi Somoe na wakwe wawili waliobeba godoro la kunibebea. Wakanikuta jikoni nimesimama na mwiko.

Ilibidi niamue. Nikakaa chini. Nilipoona haitoshi, nikalala.

Walinifunika khanga tatu. Mzee Audax akaanza sala, na kadiri alivyoendelea ndivyo ilivyozidi kusogea upande wa sala za kuaga. Mama mmoja akamvuta shati. Bi Somoe alikuwa amefunua sufuria. "Mgonjwa gani huyu," akauliza nyumba nzima, "kapika kuku na nazi kaikuna kwa mkono?" Kisha akawapakulia wageni. Kuku wa Jenipher ameliwa na watu ishirini na tatu. Wamesifu sana.

Bi Mauwa alinifunga kile kitambaa mkononi, kwa utaratibu tu, akakijaza upepo. Akatazama. Akajaza tena. Mara ya tatu akabadilisha mkono. Mia na themanini na mbili, chini mia na sita. Nikamwambia kipimo ni cha zamani. Akasema kipimo ni cha zamani ndiyo, lakini hakijui kutania. "Mwalimu, hii si ya leo. Hii unatembea nayo siku nyingi. Kisogo hakiumi?"

Saa haipimi presha. Tulizo hajawahi kuuliza habari ya kisogo. Kati ya namba zote za wiki hii, hiyo ilikuwa ya kwanza ambayo sikuipanga mimi.

Hapo simu ikalia. Nikapokea. Nyuma ya sauti ya Jenipher nilisikia tezo: ko, ko, ko. Aliongea polepole.

"Mama. Hii saa iko kwenye mkono wa nani?"

Nikaanza kueleza juu ya utafiti. Akanikatiza. Akasema ameendesha barabara ya Goba taa zote zinawaka, anapiga honi kama kichaa, anapanga maneno ya kuwaambia watoto. "Baba tulimwacha pale tukidhani amesinzia. Leo nimejiambia njia nzima, safari hii sichelewi."

Utafiti ukaniishia, kwa hiyo nikasema la kweli. Nikamwambia Bi Mauwa amenipima, presha ni mia na themanini na mbili. Ko, ko, ko.

"Na hiyo," akauliza, "wamempima nani?"

Akakata.

Niliwaza atakuja hata kwa hasira tu. Kutoka kwa Anselmo mpaka hapa ni nusu kilomita. Gari halikuja.

Jioni, wageni walipokwisha kuosha vyombo vyangu na kuviweka mahali nisipoviona, Tulizo akauliza nimezungumza na watu wangapi leo. Nikaandika: hakuna.

Jumatano, 13 Agosti

Saa moja asubuhi Bi Somoe alisimama mlangoni mwa chumba changu na mkoba kwapani. Sijui alipitia wapi. Akaniambia niamke, tunakwenda zahanati. Nikasema nasubiri simu. Akasema simu ina miguu? Njoo nayo.

Tulikaa kwenye benchi mpaka saa sita. Hakwenda popote. Alimuuliza daktari maswali ambayo mimi nilikuwa nayatafutia lugha ya staha. Vidonge kila siku, bila kuruka. Chumvi kidogo. Nazi kidogo. Kahawa sita zisirudiwe. Daktari akasema ningeendelea hivi miezi michache huenda ningepata kiharusi. Alisema "huenda". Neno hilo naliheshimu, lakini leo lilinikaa vibaya kifuani.

Tuliporudi akanishika mkono kwenye kilima. Akasema hanielewi. "Mie nikimtaka mwanangu namwambia njoo. Asipokuja namtukana. Anakuja." Nilitafakari. Kama mbinu, haina udhibiti wowote.

Muda wote ule kwenye benchi nilikuwa natamani aliyekaa kando yangu awe Jenipher. Bi Somoe alikuwa amenipa nusu ya mkate wake.

Alhamisi, 14 Agosti

Anselmo amerudisha saa, imefungwa kwenye gazeti, vumbi la mpingo kwenye mkanda. Shikamoo Mama, pole Mama. Akasema Jenipher alipoikuta saa mkononi mwake alikaa juu ya gogo lake akalia. Yeye hakujua aseme nini kwa dada wa watu aliyevaa vizuri vile, kwa hiyo akaendelea kuchonga. Halafu dada akaingia kwenye gari, akakaa humo muda mrefu, akageuza kurudi Mbezi Beach.

Akauliza kama utafiti umefanikiwa. Nikamjibu kwamba matokeo yanachambuliwa.

Saa tisa ukaja ujumbe wa Jenipher. Bi Mauwa, aliyenitembelea jana jioni, alimtumia bila kuniuliza picha ya kadi yangu ya zahanati, yenye jina langu na muhuri. Ujumbe unasema: "Nakuja Jumapili. Usipike sana."

Nimeusoma mara nyingi kuliko inavyohitajika ili kuuelewa.

Jumapili, 17 Agosti

Amekuja!

Peke yake, amevaa kandambili, nywele amezifunga kitambaa. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akatoa chumvi kabatini, akampa Bi Somoe juu ya ukuta. Bi Somoe akamuuliza mbona amekonda, au huko Mbezi Beach wanakula upepo wa bahari. Jenipher akacheka kicheko chake cha zamani.

Habari ya Jumanne hatukuigusa mpaka vyombo vikaoshwa. Ndipo akasema, amenipa mgongo, kwamba ningemwambia tu njoo. Nikasema sikutaka kumsumbua. Akageuka. Alitaka kucheka na macho yakamsaliti. Akasema, "Mama, ishu si kusumbua. Ulinisumbua mara kumi na tisa ndani ya nusu saa." Tukacheka wote wawili. Tukalia kidogo. Siandiki nani alianza.

Ameniahidi kuja kila Jumapili, alama iwe ya rangi yoyote. Mchana alilala kwenye kochi, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala akiwa darasa la pili. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, sikuwasha redio. Tulizo akasema moyo wangu unapiga sitini na nane kwa dakika.

Nilikuwa na furaha. Nataka iandikwe hivyo, bila kielezi.

Jumatano, 20 Agosti

Vidonge vinafanya kazi. Bi Mauwa amepima: mia na arobaini na nane, chini tisini. Kisogo kimetulia.

Kilichotulia kisogoni kimehamia kwenye fikra. Kwa nini alikuja? Nimejaribu kuliacha swali hili tangu Jumatatu. Alikuja kwa sababu ananipenda, au kwa sababu ya kadi yenye muhuri? Vigezo viwili vimechanganyika, mapenzi na ugonjwa, na kwa Jumapili moja haiwezekani kuvitenganisha. Na ile ahadi ilitolewa machozi yakiwa bado hayajakauka. Ahadi ya namna hiyo nisingeikubali katika tasnifu ya mwanafunzi.

Nilimuuliza Tulizo. Akajibu kwamba watoto wangu wote wananipenda sana. Ninaye mmoja. Hana msingi wa kauli yake.

Njia ni moja tu. Ugonjwa uondolewe, na mwaliko uondolewe. Mtu aliyeambiwa asije, akaja, huyo amekuja kwa mapenzi. Nikamwandikia Jenipher: "Mwanangu, presha imeshuka. Jumapili hii usije, nitakuwa na wageni."

Alijibu baada ya dakika nne. Akauliza wageni gani. Wa jumuiya, nikasema. Akaandika: "Sawa Mama. Nimefurahi una watu." Na moyo mwekundu.

Jaribio limeanza.

Jumapili, 24 Agosti

Nilirudi kutoka misa ya kwanza, nikapika bila chumvi. Samaki wa kuchemsha, wali, bamia. Sahani mbili. Nikavaa kitenge. Saa nne nikaketi barazani, kiti kimeelekea getini.

Saa saba Bi Somoe aliniita juu ya ukuta. Wamepika pilau, wanawe wamekuja na wake zao, uwani pamejaa, niende. Nikamwambia kuna mtu namsubiri. Akauliza nani. Nikasema siwezi kumtaja, nitaharibu jaribio. Akaenda akaleta sahani ya pilau, akaiweka juu ya ukuta. Ina chumvi. Sikuila.

Saa nane. Gari likapunguza mwendo, likapita. Saa kumi. Saa kumi na mbili jua lilipozama nyuma ya kilima nikaingiza kiti ndani. Tulizo akaweka kijani.

Hakuja.

Mtafiti mwenye pupa angehitimisha kwamba Jenipher hanipendi. Mimi sihitimishi hivyo. Niliambiwa nimemlea mtoto msikivu, na mtoto msikivu akiambiwa asije haji. Kwa hiyo matokeo hayathibitishi lolote, upande wowote. Kosa ni la ujumbe wangu. Ulikuwa na sababu nzuri mno. Mtu yeyote mwenye adabu angeutii. Panahitajika ujumbe usio na sababu.

Nimeuandika sasa hivi, nikautuma kabla sijajishauri: "Jumapili ijayo pia usije. Sina wageni."